Vanishi ya Chumba cha Mjukuu

Kabla ya kupiga vanishi, Mzee Kioo alivua shati. Si kwa ajili ya joto, ingawa chumba chake cha kazi kilikuwa na joto la kumtoa mtu jasho mpaka kwenye kucha. Alivua kwa sababu shati lina nyuzi, na uzi mmoja ukidondoka juu ya vanishi mbichi, kazi imeharibika. Akishavua alimwaga maji sakafuni ili vumbi lilale, akafunga dirisha, akafunga mlango, akasukumia tambara pale chini penye upenyo, ndipo akachovya brashi. Mtu akigonga saa hiyo alijibiwa neno moja tu: "Usifungue!" Mkewe alikuwa akisema kwamba hata nyumba ikishika moto, mtaambiwa msubiri kwanza mkono wa pili ukauke.

Mkono wa pili ni kule kurudia kupaka mara ya pili. Mafundi wengine wanaishia hapo. Yeye alikwenda mpaka wa nne, na katikati ya mkono na mkono alipiga msasa mwororo kwa subira ya mtu anayemkuna mtoto mgongo. Ndiyo maana wateja walimwita Kioo. Meza ikitoka kwake unainama unajiona meno. Alipenda kusimulia habari za mama mmoja aliyerudisha kabati akilalamika kuwa mumewe siku hizi hatoki nyumbani, anajitazama tu. Ilikuwa habari ya uongo mtupu, na kila alipoisimulia aliitia chumvi mpya.

Chumba cha kazi kilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, upande wa barabarani. Barabara haina lami, kila gari likipita vumbi linapanda mpaka kwenye paa. Nyuma ya chumba hicho, ukuta kwa ukuta, kulikuwa na chumba walicholala watoto wake. Wote walishakua wakaenda zao. Wa mwisho kuondoka alikuwa binti, na tangu aolewe alikuja kusalimia tu. Alikaa barazani, akanywa chai barazani, na jua likianza kupinda alikuwa ameshapata sababu ya kurudi kwake. Mzee Kioo aliona, lakini hakuuliza. Alijiambia kwamba ndivyo walivyo wenye waume.

Kuna jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Pua yake ilikuwa imekufa. Haikufa siku moja. Kwanza aliacha kusikia harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia vanishi, akafurahi, akajiona sasa amekomaa kazini. Baadaye ikapotea harufu ya sabuni. Baadaye chakula kikiungua. Mkewe alikuwa akikimbilia jikoni huku anapiga kelele, "We mzee, umekaa hapo hapo, husikii kama kinaungua?" Naye akajibu, "Nilidhani leo umeamua kukipika hivyo." Wakacheka, yakaisha. Mtu akiwa mcheshi watu hawamchunguzi sana.

Basi siku moja simu ikalia. Binti alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, ameitwa kazini na hataki kuwaacha peke yao.

"Baba, naweza kuja kukaa nyumbani na mtoto mpaka arudi?"

"Hilo nalo ni swali la kuniuliza?" alisema Mzee Kioo. Simu ilipokatika akabaki ameishika sikioni, anaisikiliza kama kuna mwingine atakayeongea.

Tangu hapo kazi za wateja zilikaa pembeni. Jirani yake, seremala waliyemwita Mrefu, alichonga kitanda cha mtoto chenye vizuizi pande zote, na kabati la mbao zile za kushindilia kwa gundi. Mzee Kioo akavipeleka vyote chumba cha nyuma. Akavua shati. Akafunga. Alipaka kitanda, akapaka kabati, akapaka mlango mpaka fremu, na dirisha la mbao akalipaka ndani, nje na kingo zake. Alipomaliza akaona dari linamwangalia kwa uchovu, akalipaka nalo.

Mkewe alikuja akasimama mlangoni, khanga puani.

"Mzee, chumba kinanuka hiki."

"Kitu kipya lazima kinuke."

"Macho yananiwasha."

"Hiyo ni furaha ya mjukuu. Hebu gusa hapa." Alimshika mkono akaupitisha juu ya ukingo wa kitanda kwa nyuma ya vidole, kama anavyopima yeye mwenyewe. "Inashika?"

"Haishiki."

"Basi imekauka. Funga mlango, vumbi hilo."

Binti alifika asubuhi na mtoto amefungwa kwenye shuka jeupe, na yeye mwenyewe uso umejaa kama mtu aliyelala vizuri. Mama yake alimpokea kwa vigelegele. "Karibu mke mwenzangu!" alimwambia yule mchanga. "Umekuja kuninyang'anya mzee wangu? Mchukue, lakini ujue anakoroma."

"Usimsikilize," alisema Mzee Kioo, akamwinamia mtoto. "Wewe ndiye mke mdogo. Njoo uone nyumba yako."

Akatangulia. Akafungua mlango wa chumba kwa mkono mmoja, polepole, kama anayefunua zawadi. Mwanga wa ukumbini uliingia ukatelezea juu ya kitanda, juu ya kabati, mpaka darini. Binti alipiga hatua moja ndani akasimama. Macho yalimjaa machozi. Baba mtu akageuka ukutani kidogo, maana na yake yalikuwa karibu.

"Pazuri, baba," alisema binti, akakohoa. "Pazuri mno. Nifungue dirisha kidogo?"

"Dirisha usiguse, mama. Vanishi ikauke mpaka moyoni. Ukiingiza vumbi la barabara sasa hivi, kazi yote imekwenda na maji."

Binti hakubishana. Alikuwa mtoto wa fundi, amekua akiambiwa usifungue.

Mtoto akawa hapati usingizi. Barazani alikuwa ametulia tuli, midomo inachezacheza. Akiingizwa chumbani, muda mfupi tu anaanza kupiga chafya, anakunja uso, kisha analia kile kilio cha kukauka. Wakimtoa nje, ananyamaza. Wakimrudisha, yale yale. Bibi yake akasema huyu ameshazoea mikono, wanamdekeza. Mzee Kioo akasema damu ya babu, hapendi kukaa ndani. Binti mwenyewe alikuwa anaamka kichwa kinamgonga, koo limekauka, na akishakaa nje kidogo anapata nafuu. Alijaribu kumnyonyesha mtoto ukumbini, lakini hata ukumbini harufu ilikuwa imejaa, kwa sababu upande wa pili wa ukuta baba yake alikuwa amerudi kwenye kazi za wateja.

Siku kifua cha mtoto kilipoanza kutoa mlio, binti alimbeba akaenda naye kliniki. Alirudi mchana. Baba yake alikuwa barazani anasafisha brashi, mama yake anachambua mboga.

"Nesi amesemaje?" mama aliuliza.

"Ameniuliza mtoto analala wapi. Nikamwambia." Binti alikaa kwenye ngazi, hakuingia ndani. "Nesi anasema vanishi ikikauka mkononi haijamaliza. Bado inatoa mvuke, siku nyingi, pengine wiki nyingi. Na gundi ya kabati vile vile. Chumba kikifungwa, mvuke hauna pa kwenda. Tunauvuta sisi. Amesema vitu vitolewe nje na madirisha yafunguliwe, na mtoto asilale humo."

Mzee Kioo aliendelea kukamua brashi. "Huyo nesi amepiga vanishi miaka mingapi?"

"Hajapiga, baba."

"Basi."

"Basi nini?"

"Wewe umelala chumba kile kile. Umeota meno humo, yakang'oka, ukaota mengine. Ulikufa?"

"Sikufa. Nilikuwa na kifua."

"Kifua ulizaliwa nacho. Muulize mama yako."

Binti alimtazama mtoto, akavuta shuka amfunike mguu. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba, tangu niondoke hapa sijakohoa. Hata siku moja. Nikija kukusalimia nikikaa ndani kidogo, ninarudi kwangu ninakohoa. Unafikiri kwa nini huwa ninakaa barazani?"

Mama aliacha kuchambua mboga. Mzee Kioo aliinua brashi akaitazama kama imemtukana yeye. Kichwani alikuwa anamwona msichana mdogo amekaa kitandani usiku amekumbatia magoti, mama yake anamsugua mgongo, na yeye upande wa pili wa ukuta anamalizia mkono wa nne wa meza ya mtu. Wakati ule alikuwa akisema, huyu mtoto kifua chake amekirithi kwa bibi yake.

Lakini mdomo ulishatangulia. "Kwa hiyo sasa mimi ndiye niliyekutia ugonjwa."

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

"Nimepiga simu," alisema binti. "Kesho shemeji atakuja kunichukua. Nitakaa kwa mama mkwe mpaka mume wangu arudi. Usikasirike, baba. Chumba ni kizuri. Ila hatuwezi kulala humo."

Walilala barazani siku ile, mama na binti na mtoto, chini ya chandarua, na hakuna aliyetania kitu. Mzee Kioo alilala ndani peke yake.

Asubuhi binti alipokuwa anamwogesha mtoto nje, mkewe aliingia kuchukua taulo, akakuta mlango wa chumba cha nyuma uko wazi. Mumewe alikuwa amepiga magoti, kichwa amekiingiza ndani ya kitanda cha mtoto, pua ameibana kwenye mbao.

"Mzee! Unatafuta nini humo? Au na wewe unataka kubembelezwa?"

Hakucheka. Alitoa kichwa akabaki ameketi sakafuni. "Humu ndani kuna harufu?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Mzee wangu, mimi hapa nilipo kichwa kinazunguka. Hata mtu akipita barabarani anajua humu kumepakwa nini."

Alinusa tena, kwa nguvu, mpaka mabega yakapanda. "Mimi sisikii kitu," alisema. "Nimenusa mbao, nimenusa dari. Naona kama hewa tu. Na si leo. Ni miaka sasa."

Mkewe alifungua mdomo amtupie neno, maana ndiyo ilikuwa desturi yao, kisha akaufunga. Vyakula vyote vilivyoungua vilimpita mbele ya macho kwa msafara. Alikaa chini karibu naye, taulo mapajani.

"Kumbe ulikuwa hutanii," alisema.

"Nilikuwa natania. Lakini pia nilikuwa sisikii."

"Na ulikuwa unakula tu?"

"Ningefanyaje? Ulikuwa unaniangalia."

Hapo mwanamke yule alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, akatoka nje anakohoa. Mzee Kioo alimsikiliza akikohoa mpaka barazani. Kisha akasimama, akavua shati, si kwa ajili ya nyuzi safari hii, akaenda mpaka kwenye uzio akaita, "Mrefu! Njoo unishike kabati!"

Mrefu alikuja na penseli sikioni. Alipoambiwa kwamba kabati linatoka nje, alitazama barabara, akatazama upepo ulivyokuwa unainua mchanga, akamtazama jirani yake kama mtu anayepima homa kwa macho.

"Sasa hivi? Na vumbi hili? Mzee, vanishi yako bado changa. Itaota ndevu."

"Shika upande wa chini."

"Mimi ninashika. Lakini usije kuniambia kesho kwamba seremala ndiye aliyeharibu."

Walitoa kabati. Walitoa kitanda. Waliviweka katikati ya ua, na wakati huo huo lori la kokoto likapita, likaacha wingu jekundu lililotua taratibu juu ya mikono minne ya vanishi. Mrefu aliziba uso kwa kiganja. "Mimi sitazami," alisema. Mzee Kioo alitazama. Chembe za mchanga zilikuwa zinashika moja moja kwenye ukingo ule aliompa mkewe aguse.

Lilibaki dirisha. Alilisukuma, halikutikisika. Alilisukuma kwa bega. Ndipo alipokumbuka kwamba alilipaka mpaka kingo, likiwa limefungwa, na vanishi ilipokauka ililigandisha kwenye fremu yake. Hakuna fundi anayefanya kosa hilo ila anayependa dirisha limefungwa. Alichukua patasi na nyundo kutoka kwa Mrefu, akaiingiza patasi kwenye upenyo, akapiga. Vanishi ilipasuka kwa mlio mwembamba, ikabanduka vipande kama maganda ya kitunguu. Alipiga pande zote, na kila alipopiga alikunja uso. Mwishoni aliweka patasi chini akalipiga dirisha kwa viganja viwili, likafunguka kwa kishindo, na upepo ukamwingia kifuani pamoja na mchanga wake.

Nje ya dirisha alikuwa amesimama binti, mtoto begani. Mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari barazani. Alikuwa ameona yote.

"Baba," alisema, "umelichana dirisha lote."

"Litapona." Alipangusa uso, akauchafua zaidi. Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba, "Mama, pua yangu haifanyi kazi. Mimi siwezi kujua kama humu panafaa au hapafai. Mpe bibi yake mtoto, uje uninusie wewe."

Binti alimpa mama yake mtoto, akazunguka, akaingia chumbani. Kilikuwa chumba kitupu sasa, kimebaki na dari na upepo. Alivuta pumzi mara moja, akangoja, akavuta tena.

"Bado ipo," alisema.

"Kali?"

"Imepungua. Lakini ipo. Darini."

Baba yake aliinua macho darini, lile dari ambalo hakuna aliyemwomba alipake. "Basi nyinyi mtalala chumba chetu, cha mbele kule kwenye madirisha mawili. Mimi na mama yako tutahamia barazani, mpaka wewe useme."

"Na chumba cha kazi, baba? Kule mbele ni ukuta mmoja tu kati yetu nacho, ukifungua kopo tunavuta harufu ile ile."

Hilo hakuwa amelifikiria, na ilionekana. Mrefu, ambaye alikuwa dirishani hana hata aibu ya kujificha, alikohoa kidogo akasema kwamba nyuma ya banda lake kuna uwazi, na turubai anayo, ila paa hakuna na kuta hakuna, na mtu akitaka vumbi lisimguse huko labda apake alfajiri kabla magari hayajaanza.

"Kazi itatoka na chembechembe," alisema Mzee Kioo.

"Itatoka nazo," alikubali Mrefu. "Wateja watakutukana wiki moja, watazoea."

Mzee Kioo alisimama akiitafuna habari hiyo. Alikuwa fundi tangu ujana wake, na sifa yake yote ilikuwa kwenye kufunga mlango. Akamtazama binti, akatazama mfuko kule barazani. "Turubai liwe lile kubwa," alimwambia Mrefu. "Usinipe lile la kufunikia mbwa."

Shemeji mtu alifika na gari la kukodi wakati wanakunywa chai. Alikuta kitanda na kabati katikati ya ua, mzee wa nyumba hana shati na amekuwa mwekundu kwa vumbi, na vipande vya vanishi vimetapakaa.

"Hodi! Jamani, mnahama nyumba nzima?" aliuliza. "Shemeji, mzigo uko wapi? Mimi gari langu dogo hili, kabati halitaingia."

Wote walimgeukia binti. Alikuwa anamnyonyesha mtoto.

"Kaa unywe chai kwanza, shemeji," alisema. "Mwambie mama mkwe nitakuja kumsalimia. Kulala, nalala hapa."

Shemeji alilalamika kwamba dereva anamngoja, kisha alipoona mikate akasema dereva naye ni binadamu, atangoja.

Wateja walitukana kweli, si wiki moja tu. Mmoja alipitisha kiganja kwenye meza yake akauliza kama Kioo siku hizi ameota chunusi. Mzee alijibu kwamba hiyo ni meza ya kisasa, inashika sahani zisiteleze. Alikuwa anaamka gizagiza, anapaka chini ya turubai, na kabla ya kuingia ndani alivua nguo za kazi akaziacha nje, maana binti alisema hata nguo zinakuja na harufu. Kifua cha mtoto kilitulia taratibu. Kliniki walimsikiliza tena, wakasema aendelee hivyo hivyo.

Kitanda kilikaa uani. Kila asubuhi binti alitoka, akainama, akanusa ukingo wake, na baba yake alisimama pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Bado, baba."

"Bado sana?"

"Bado kidogo."

"Haya," alisema, akakisogeza pale jua litakapofika kwanza, akaenda zake chini ya turubai. Hakuuliza tena mpaka kesho yake.